Nati ya Tano

Nne zilitoka.
Zilinung'unika, zikalia kutu, zikatoka,
nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Ya tano iliiachia spana izunguke peke yake,
pembe zake sita zimelika zote,
laini kama peremende iliyonyonywa.

Mwalimu Somoe Nambunga amekaa juu ya tairi bovu,
mkoba mapajani, mitihani ya darasa la sita ndani.
Saa nne awe Nyangao.
"Fundi, hiyo rimu," anasema,
"hiyo rimu ni korosho za msimu mzima."
Hasemi zaidi.

Mchopa, kijana wangu, ashaleta tindo na nyundo ya ratili nne.
Rudisha.
Tindo haina macho. Ikiteleza mara moja
inaandika jina lako kwenye rimu ya mtu,
na mwandiko huo haufutiki kwa msasa.
Na moto pia rudisha. Aloi si chuma cha jembe:
ukiichoma inanyamaza,
halafu siku moja, mteremkoni, inajibu.

Lete mafuta. Si ya kumwaga, ya kudondosha.
Tone, subiri. Tone, subiri.
Gonga kichwa cha nati polepole, kama abishaye hodi
nyumba yenye mgonjwa.
Chumvi ya Lindi huingia pasipopita sindano,
basi na mafuta nayo yapewe muda wa kuitafuta.

"Nani alikaza hivi?" anauliza mwalimu.

Ninakata tyubu ya baiskeli,
naivingirisha ndani ya tundu la rimu
ili chuma kikiyumba kikutane na mpira kwanza.
Soketi ya ishirini na moja inapwaya.
Ya kumi na tisa haiingii.
Ndiyo ninayoitaka, hiyo isiyoingia,
ya meno kumi na mawili, kuukuu,
niliyouziwa na mjane wa fundi Litunungu.
Naipiga kisogoni. Naipiga tena.
Ko. Ko. Ko.
Ti.
Hapo imeuma.

"Nauliza, alikaza mtu au trekta?"

Mchopa anataka kushoto, kwa nguvu zake zote za miaka kumi na tisa.
Kwanza kulia, kijana. Unywele tu.
Kutu imejiandaa kwa kushoto;
kulia unaikuta imelala.
Halafu kushoto. Halafu kulia tena.
Bomba la futi nne kwenye mkono wa spana,
sivuti, nalilalia,
naziachia kilo zangu zifanye kazi.

Mwezi wa saba nilisimama juu ya spana hii kwa miguu miwili.
Hapa hapa Mingoyo, gari hili hili.
Asubuhi ile mwanangu alipiga simu kutoka Mtwara:
amepata kazi bandarini, harudi gereji,
ovaroli yake nimpe nitakaye.
Nikaruka. Kila nati nikaipa neno
nililoshindwa kumwambia kwenye simu,
na ya tano nikaipa yote yaliyobaki.

Mlio mkavu, kama korosho ikibanguliwa.
Mchopa akafumba macho. Nami nikadhani stadi imekatika.
Nikasukuma kidogo.
Ikaja.
Ikaja robo, ikaja nusu, ikaja yote, ya moto,
imeng'ang'ania ndani ya soketi kama kupe.
Tyubu ina jeraha refu.
Rimu haina kitu.

Nati mpya naianza kwa vidole hadi vidole vikatae,
kisha spana, mkono mmoja, mshazari,
nyayo zangu mbili zikiwa chini.

"Shilingi ngapi?"
"Nati tu, elfu mbili."
"Na kazi?"
"Ni mimi, mwalimu."
"Wewe nini?"
"Niliyekaza."

Akainama, akapitisha kidole ukingoni mwa rimu,
taratibu, kama asahihishaye insha.
Akatazama saa. Akanitazama.
"Na hizi tatu nyingine,
ulizikaza siku hiyo hiyo?"

Mchopa, bila kuambiwa,
alikuwa ameshaanza kusogeza jeki.